Katalogi ya Viti Visivyoonekana

Bwana Gervasi Ndayiragije alifungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili, kisha akarudi kwenye kava kuhakikisha kwamba hajapewa kitabu cha watu wengine. Kava ilisema kwa herufi kubwa: FANICHA ZA MNINGA, NESTORY BUNDALA, ISEVYA, TABORA. Akafungua tena ndani, safari hii taratibu.

"Jamani," aliuliza, "viti viko wapi?"

Mwenyewe alikuwa amekalia kimojawapo, katikati ya karakana, na mbele yake walikuwa wamesimama watu watatu kama wanafunzi wanaongoja matokeo. Nestory, fundi mwenye karakana, alikuwa bado na vumbi la mbao kwenye nyusi. Jenifa, mkewe, ndiye aliyeitengeneza hiyo katalogi, na mikono yake ilikuwa nyuma. Wa tatu alikuwa Mama Theodora, mama yake Nestory, aliyevaa kitenge kipya kwa ajili ya mgeni. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na furaha.

"Viti si hivyo hapo, baba," alisema Mama Theodora, akanyoosha kidole kwenye ukurasa.

"Hapa naona vitambaa, mama. Vizuri sana. Hili ua limekaa kabisa. Lakini mimi natafuta viti vya hoteli, na hapa naona miguu tu inachungulia kwa chini."

Mama Theodora akatabasamu. Alikuwa amesikia "vizuri sana", na masikio yake yalifungia kazi hapo hapo.

Gervasi hakuwa mtu mbaya. Alizaliwa Ulyankulu, mtoto wa wakimbizi kutoka Burundi, akalima tumbaku mpaka akaichoka, na sasa alikuwa anamalizia hoteli yake mjini Urambo akishirikiana na dada yake Janeti, anayeishi Mwanza. Alikuwa mpole, ila mwenye haraka, na mpole mwenye haraka huumiza kuliko mkali.

"Na hii mliyomtumia dada kwenye simu," aliendelea, "imemsumbua. Anasema amengoja mpaka chai ikapoa, ikafunguka nusu, simu ikazima. Sasa sikilizeni. Jumamosi mimi na yeye tunaamua. Kuna mafundi wa Nzega wameleta katalogi yao. Niwaambie ukweli, viti vyao sivipendi kihivyo. Ila vinaonekana." Akasimama, akajipangusa suruali. "Mnipe nyingine kabla ya hapo. Moja ya karatasi niweke mezani, moja ya simu inayofunguka. Nestory, kazi yako nimeikalia, naijua. Dada yangu hajaikalia."

Akaaga, akapanda gari lake. Vumbi lilipotulia, Mama Theodora alimgeukia mkwe wake.

"Umesikia alivyovisifu vitambaa?"

"Nimesikia, mama," alisema Jenifa.

*

Ilikuwa hivi. Siku ya kupiga picha, Jenifa alikuwa amewaomba wavitoe viti nje, kwenye kivuli cha ukuta, ili mbao ionekane. Akaingia ndani kumnyonyesha mtoto wao, Martha. Alipotoka, kila kiti kilikuwa kimevishwa. Vitambaa vya kufuma kwa mkono, vyeupe na vya rangi ya chungwa, vilikuwa vimetandazwa mgongoni, mikononi, kwenye makalio, na meza kubwa ilikuwa imefunikwa mpaka magotini. Mama Theodora alikuwa anazunguka akinyoosha pembe za mwisho. Kwake yeye, kumwonyesha mgeni kiti kitupu ni sawa na kumpokea mgeni ukiwa umejifunga khanga ya kuogea.

Jenifa aliona, akajua, akanyamaza. Mkwe havui alichovisha mama mkwe. Unyamwezini hilo halihitaji kuandikwa popote, na hata mjini Tabora, ambako watu husema wamestaarabika, binti anayejua alikotoka halijaribu. Nestory akapiga picha kwa simu yake, akazituma kwa meseji kwenda kwenye kompyuta ya mkewe, basi.

Hapo ndipo Jenifa alipoongeza kosa lake mwenyewe, na alilijua vizuri, maana kabla ya kuolewa alifanya kazi ya kupanga kurasa katika duka la uchapaji la Selemani, nyuma ya soko. Picha ikipita kwenye meseji hukondeshwa. Kwenye kioo cha simu inapendeza, kwenye karatasi inakuwa na ukungu. Halafu kwa haraka alichukua faili lile lile zito la mtambo wa kuchapa akamtumia dada yake Gervasi, badala ya kutengeneza jingine jepesi la simu. Karatasi ilipata picha nyembamba, simu ikapata faili nene. Alijiona mjinga, na alikuwa na haki ya kujiona hivyo, lakini ujinga huo ulikuwa wa kurekebishika kwa siku moja. Vitambaa ndivyo vilivyokuwa mlima.

"Mwambie mama," alimwambia mumewe nyuma ya karakana, mgeni alipoondoka.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba picha tunarudia. Bila vitambaa."

Nestory alichukua msasa, akaanza kusugua ubao ambao ulikuwa umeshalainika tangu juzi. "Mwambie wewe. Wewe ndiye wa katalogi."

"Mimi ni mkwe, Nestory. Wewe ni mwanawe."

"Ndiyo maana siwezi."

"Sasa hoteli ikienda Nzega?"

"Ikienda, nimeshaongea na yule kontrakta wa Dodoma. Jumatatu naanza. Kule kuna mshahara." Akaupulizia ubao vumbi. "Na kule watu wataitazama kazi yangu."

Jenifa aliitazama karakana. Alikuwa ameolewa na karakana hii kama alivyoolewa na Nestory. Alijua harufu ya mninga kwenye nguo za mumewe, alijua Martha hulala vizuri randa ikipiga kelele. Nestory akienda Dodoma, karakana itafungwa, vijana wa kazi watatawanyika, na yeye atabaki na mtoto, mama mkwe na sauti ya mume kwenye simu jioni. Hakuitaka ndoa ya namna hiyo. Alitaka hii aliyokuwa nayo, na alikuwa na mpaka Jumamosi.

*

Kesho yake asubuhi alijipa moyo, akaenda kwenye chumba cha mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Nilikuwa nakuwaza."

Mama Theodora alikuwa kitandani, miguu ameinyoosha, sindano ya kufumia inakimbia vidoleni. Juu ya mapaja yake kulikuwa na kitu kipana cha buluu.

"Hiki ni cha meza ya mapokezi," alisema. "Bwana wa hoteli atafurahi. Umeona jinsi alivyolishika lile ua?"

"Mama," alianza Jenifa, "nimekuja kuhusu picha."

"Zimefanyaje?"

Jenifa alikuwa ameyapanga maneno yake tangu alfajiri, yakiwa na heshima zote mbele na nyuma. Akamtazama yule mama aliyemlea Nestory peke yake tangu mumewe, Mzee Bundala, alipofariki, na ambaye ada ya shule ya kijana huyo ilitoka kwenye uzi ule ule. Maneno yakamkimbia yote.

"Rangi," alisema. "Rangi hazikutoka vizuri. Itabidi turudie."

"Ahaa! Nilijua. Ile ya chungwa ilikuwa inapigana na mbao." Mama Theodora aliinuka kwa furaha, akafungua sanduku. "Basi safari hii tuweke vyeupe vitupu. Ninavyo vingi. Na nitaviwekea wanga visimame."

Jenifa alitoka chumbani amebeba rundo la vitambaa vyeupe mpaka kidevuni. Kijana mmoja wa karakana alimwona, akageuka upande wa pili asionekane anacheka. Aibu ilimpanda mwanamke huyu mpaka kwenye ncha za masikio. Akaviweka vitambaa juu ya kabati, akamfunga Martha mgongoni, akashika njia ya sokoni.

*

Selemani alikuwa ameinama juu ya mtambo wake, mikono myeusi kwa wino. Kwa kabila ni Mzaramo. Babu yake alifika Tabora na kazi ya reli, akaoa, akasahau kurudi pwani, lakini Uzaramo wake Selemani hakuusahau hata siku moja, maana ndio uliompa ruhusa ya kuwatukana Wanyamwezi wote wa mji huu bila kushitakiwa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wanashuka na mizigo mpaka pwani, wakila vya watu njiani. Mtani atakuchukulia kuku wako mbele ya macho yako, nawe ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa.

"Karibu, mke wa mpagazi," alisema. "Umeleta mzigo wa mgongoni tu, wa kichwani uko wapi?"

"Leo sina nguvu za utani, kaka Selemani."

Akamweleza yote. Selemani alisikiliza, akaichukua ile katalogi aliyokuja nayo Jenifa, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga.

"Hizi picha ni za meseji."

"Najua. Nitazitoa kwenye simu kwa waya. Na la simu nitalitengeneza peke yake, jepesi."

"Na rangi. Mninga umetoka kama ugali ulioungua."

"Hilo nalo nimeliona. Nitaleta kipande cha mbao yenyewe, tukiweke kando ya karatasi unapochapa, usiamini kompyuta wala mimi nisiamini simu." Jenifa akavuta pumzi. "Kazi yote hiyo naiweza. Shida yangu ni kumvua mama vitambaa vyake. Nimejaribu, nimerudi na vingine zaidi."

Selemani akacheka mpaka akashika mtambo. Kisha akatulia ghafla.

"Unajua siku ya msiba wa Mzee Bundala nilifanya nini?"

"Nimesikia."

"Nilijilaza mbele ya jeneza, nikasema haendi mtu mpaka nilipwe, huyu mpagazi ana mzigo wetu. Watu wazima wakanywea. Mama Theodora akatoka mbele na machozi yake, akafungua pindo la khanga, akanilipa, akacheka. Siku ile nzima hakuwa amecheka." Akafuta mikono kwa tambara. "Kesho asubuhi vitoe viti nje. Viwekewe vitambaa vyote. Vyote kabisa. Wewe ushike simu, usiseme neno."

*

Alhamisi jua lilipanda bila wingu. Nestory alikuwa amekwenda kwa wapasua mbao, jambo lililomfaa kila mtu. Viti vilipangwa kwenye kivuli cha ukuta, na Mama Theodora alivivisha kimoja kimoja, vitambaa vimekakamaa kwa wanga. Alikuwa ndiyo kwanza anarudi nyuma kutazama kazi yake Selemani alipoingia uani na kiroba kikubwa begani.

"Mwangaluka, watu wa mizigo!"

"Mwangaluka, mwizi," aliitikia Mama Theodora salamu hiyo ya Kinyamwezi, uso umeshaanza kuchanua. "Leo unataka nini?"

"Nimefuata mali ya bibi yangu. Mlipopita kwetu na pembe zenu za ndovu mlilala kwake, asubuhi akakuta vitambaa vyote vimekwenda. Tumetafuta ukoo mzima, kumbe viko Isevya!"

Akavamia. Akang'oa cha kwanza, cha pili, akaruka kiti, akang'oa cha meza kubwa kwa mkupuo mmoja, vyote vikaingia kirobani. Mama Theodora alipiga yowe, akamkimbilia na kandambili mkononi. Majirani wakajaa kwenye ua, wengine wakimtia moyo Selemani, wengine wakimwambia mama akate njia ya mlangoni. Martha alipiga makofi. Mara viti vyote vikawa vitupu, na Selemani yuko upande wa pili wa uzio, amekipakata kiroba.

"Komboa!" alipaza sauti. "Jogoo mmoja!"

Mama Theodora alikuwa anahema na kucheka, kandambili bado iko juu. Aligeuka kumtafuta mtu wa kumtuma akamlete jogoo. Macho yake yakapita kwenye viti, yakamfikia Jenifa aliyesimama na simu tayari, ameinamisha kichwa. Kicheko kikaisha.

"Umemtuma wewe."

Jenifa akapiga magoti palepale kwenye vumbi. "Ndiyo, mama. Nisamehe. Mgeni haoni viti. Nilishindwa kukwambia."

Majirani wakaanza kukumbuka kazi zao, mmoja mmoja wakaondoka. Mama Theodora aliishusha kandambili. Ilimuuma, na hakuficha kwamba imemuuma.

"Unadhani navifunika kwa sababu ya urembo?" aliuliza hatimaye. "Baba yake alipokufa, Nestory alikuwa hajamaliza kujifunza. Kiti cha kwanza alichouza, pale mguu unapoingia kwenye fremu, palikuwa na mwanya unapitisha kidole. Amejaza gundi na unga wa mbao. Mteja aliinua, akaangalia, akacheka mbele ya watu. Mtoto alilia kama amefiwa mara ya pili. Nikasema, haitatokea tena. Nikafuma. Kila alichotengeneza nikakifunika kabla mtu hajakiona. Wewe unaona vitambaa. Mimi nilikuwa namsitiri mwanangu."

"Mama," alisema Jenifa polepole, "ni lini mara ya mwisho umevitazama?"

Mama Theodora aliitupa chini kandambili. Akaenda kwenye kiti kilichokuwa karibu. Akainama, akapitisha kidole pale mguu unapokutana na fremu. Akapitisha tena, kwa ukucha. Akaenda kwenye cha pili, cha tatu, akazungukia meza, akajipenyeza chini yake na kitenge chake cha kushindia, zikaonekana nyayo tu.

"Mkwe," sauti ilitoka chini ya meza, "hapa wameunganisha wapi?"

"Hapo hapo ulipo, mama."

"Sipaoni."

Alitoka chini ya meza nywele zimejaa maranda. Selemani bado alikuwa kwenye uzio. "Jogoo, mama!" aliita, lakini kwa sauti ya chini.

"Sikomboi," alisema Mama Theodora. "Kaa navyo." Kisha akamgeukia Jenifa na ukali wote wa mama mkwe ukiwa umemrudia. "Inuka hapo chini, jua linakwenda. Hizo picha zinajipiga zenyewe? Na upige hapa, kwenye maungio. Karibu kabisa."

*

Kazi ikaenda kama kazi inavyotakiwa kwenda. Mama Theodora mwenyewe alishika shuka jeupe nyuma ya viti, mikono juu, akikataa kupokewa. Jenifa alipiga picha, akazitoa kwenye simu kwa waya, akazipanga: ukurasa wa kushoto kiti kizima, wa kulia maungio yake kwa karibu, vipimo chini, na kila picha akaiachia ukingo wa kukatia ili kisu cha Selemani kisile mguu wa kiti. Ijumaa walisimama wote watatu mlangoni pa duka la uchapaji, kipande cha mninga kando ya karatasi ya kwanza. Nyekundu imezidi, alisema Jenifa. Selemani akapunguza. Sasa imepauka. Akaongeza kidogo. Walipofika mahali ambapo huwezi kusema mbao imeishia wapi na karatasi imeanzia wapi, Mama Theodora alisema, "Acheni hapo, msiguse tena," na wakaacha. Jioni ile nakala za karatasi ziliondoka na basi la Urambo, na lile faili jepesi likaenda Mwanza. Jenifa alikuwa amelifungua kwanza kwenye simu tatu mbovu za vijana wa karakana. Lilifunguka kwenye zote.

Nestory aliiona katalogi hiyo mpya kwa mara ya kwanza Ijumaa hiyo. Aliifungua kwenye ukurasa wa maungio, akaifunga, akatoka nje. Hakumwuliza mtu vitambaa vimekwenda wapi.

Jumamosi saa nne simu ya Jenifa iliita. Akaiweka juu ya benchi la kazi, sauti kubwa, na karakana nzima ikanyamaza. Gervasi alisalimia, kisha akamwingiza dada yake.

"Fundi ndiye nani?" aliuliza Janeti. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyebembelezwa.

"Mimi, dada. Nestory."

"Nimevuta hizi picha zako mpaka kidole kimechoka. Natafuta mwanya. Sijauona. Umezirekebisha kwenye kompyuta?"

"Hatujarekebisha kitu," alidakia Jenifa. "Ndivyo vilivyo. Kaka yako amevikalia."

"Kaka yangu hukalia chochote." Akaguna. "Basi anzeni na vya ukumbi wa chakula. Vikija kama vilivyo hapa, na vya vyumbani ni vyenu. Gervasi, malizana nao."

Vijana walipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Jenifa alimkumbatia Martha akamrusha juu. Nestory alitoa simu yake mfukoni, akampigia kontrakta wa Dodoma, akasema kwa adabu kwamba Jumatatu haji, wala Jumatatu nyingine, na akamshukuru sana. Alikuwa anairudisha simu mfukoni mama yake alipomsogelea.

"Nestory. Mkeo ameshakwambia kwa nini nilikuwa nafunika?"

"Sikuhitaji kuambiwa, mama."

Mama Theodora akasimama mbele yake. "Sasa nijibu. Wateja walikuwa hawaoni. Mimi mwenyewe sikuwa naona. Ulikuwa unahangaika kuunganisha hivi, mpaka alama haionekani, kwa ajili ya nani?"

Nestory aliokota randa, akaiweka chini, akaiokota tena.

"Nilikuwa nakungoja wewe uinue kitambaa," alisema.

Mama Theodora akavuta kiti kilichokuwa karibu, akakaa, akalia waziwazi mbele ya watoto wa kazi, na hakuna aliyemwambia anyamaze.